Nduma za Cucu Njura

Nyumba ya Mazingira, Embu
2 Februari 2025

Kwa Mjomba Adan,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute na afya, wewe na Mama Idrisi, na goti lako liwe limepunguza maneno. Mimi ni mzima. Huku ni jua na vumbi tu, mvua bado.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu nikipiga simu husikii, na nikituma ujumbe Idrisi anakusomea kwa sauti kubwa mpaka Majengo nzima inajua nimekula nini. Barua utajisomea mwenyewe.

Habari yenyewe ni kwamba nimepata chumba katika ile nyumba niliyokuambia, ile ambayo wanafunzi wanaishi kwa kutunza mazingira. Tuliomba wengi, tukachukuliwa wachache. Maji ni ya mvua, yanakusanywa kwenye matangi. Taa ni za jua. Tunapikia gesi inayotokana na mavi ya ng'ombe wawili walio nyuma ya jikoni, na zamu ya kuyakoroga ikifika hakuna cha mtoto wa nani. Plastiki hairuhusiwi getini, mkaa hauruhusiwi, na nyama hatupiki. Najua hapo umecheka.

Nikuambie ukweli, kwenye mahojiano waliniuliza mlezi wangu anafanya kazi gani, nikasema mfanyabiashara. Sikusema bucha. Nilijisikia vibaya nikitoka, lakini nilikuwa nimeshasema.

Ninakaa na msichana anaitwa Wamuyu, kwao ni Karurumo. Ni mpole, anaamka kabla yangu na kunichotea maji. Msimamizi wetu ni Bwana Marete, mwalimu wa mambo ya misitu, Mmeru mwenzetu. Kila mwaka nyumba inachagua kazi moja kubwa, na mwaka huu ni kijito kilicho bondeni, chini ya nyumba yetu. Watu wamelima mpaka kwenye maji. Tutaondoa mazao kandokando na kupanda miti ya asili na mianzi. Mjomba, wamenichagua mimi niongoze.

Msalimie kila mtu. Nikija likizo nitakula nyama ya miezi mitatu kwa siku moja.

Mpwa wako,
Latifah

*

Majengo, Meru
19 Februari 2025

Mwanangu Latifah,

Waaleikum salaam. Barua nimeipata, nimeisoma mara mbili nikiwa nimekaa nje. Sisi tuko salama. Mama Idrisi anakusalimia, anauliza kama hiyo gesi haitii chakula harufu. Idrisi amepata kazi ya kupakia mizigo Gakoromone, sokoni, kwa hiyo siku hizi hatuonani mpaka jioni.

Nimefurahi umechaguliwa. Mama yako, Mungu amrehemu, angetangaza mtaa mzima. Kuhusu bucha, usijali. Mimi kweli ni mfanyabiashara.

Nakutumia nyirinyiri, Mama Idrisi ameikaanga nyama ikakauka vizuri, na mafuta yake yako juu, haitaharibika. Kula kimyakimya. Mungu anajua tumbo lako ni la bucha.

Nina swali moja tu. Hayo mazao ya kandokando ya kijito ni ya nani? Barua yako imesema watu. Watu gani?

Ukinijibu, usitume tena kwa anwani ya bucha. Tuma nyumbani. Kuna mambo ya kupangapanga pale, si makubwa.

Mjomba wako,
Adan

*

Nyumba ya Mazingira, Embu
24 Machi 2025

Kwa Mjomba Adan,

Assalaam aleikum na Ramadhani njema. Saumu inaendaje? Mimi nafunga, na Wamuyu anaamka na mimi usiku kunipashia uji ingawa yeye ni wa kanisa. Nyirinyiri ilifika. Sitasema iliisha kwa muda gani.

Kazi ya kijito tumeifanya Jumamosi ya tarehe kumi na tano, na imekwenda vizuri sana. Tuling'oa kila kitu kilichokuwa ukingoni, nduma, sukuma wiki, majani ya ng'ombe, halafu tukapanda mianzi na mikuyu. Jumatatu yake walikuja wageni wanaosaidia nyumba yetu, wengine kutoka nje ya nchi. Walitembezwa bondeni wakapiga makofi. Bwana Marete alinisimamisha mbele akasema, "Huyu ndiye aliyeifanya kazi iende." Nyumba yetu imeingizwa katika kugombea tuzo. Nimekuwekea picha moja, mimi ndiye niliyeshika nduma juu, yenye mizizi bado.

Uliuliza ni mazao ya nani. Mengi yalikuwa ya mama mmoja mzee anaitwa Njura. Chifu alikuwa ameshazungumza naye kwenye baraza. Jioni alikuja tukiwa tunamaliza, akasikitika kidogo, tukamweleza.

Mvua imeanza na miche imeshika. Idi mtanikosa kwa sababu ya mitihani. Nibakizieni maini.

Mpwa wako,
Latifah

*

Nyumba ya Mazingira, Embu
10 Mei 2025

Kwa Mjomba Adan,

Assalaam aleikum. Idi imepita, Aprili imekwisha, na wewe hujaniandikia. Nimempigia Idrisi, anasema mko wazima, kisha anasema ana mzigo mgongoni na kukata. Kama ni goti, niambie. Kama ni mimi, niambie pia.

Mvua ni nyingi. Matangi yamejaa mpaka yanamwagika. Mianzi imefika kiunoni kwangu na kila anayepita anaisifu.

Wamuyu amehama chumba. Hakugombana na mimi, alikunja godoro lake nikiwa darasani akaenda chumba cha mwisho. Tukikutana kwenye zamu ya ng'ombe anasema habari, nasema nzuri, basi. Usiku ninakaa peke yangu na ile taa ya jua, na sisomi.

Tafadhali andika, hata mstari mmoja.

Latifah

*

Majengo, Meru
12 Juni 2025

Mwanangu Latifah,

Waaleikum salaam. Nisamehe kimya. Sisi ni wazima. Idi ya kuchinja imepita wiki iliyopita. Mama Idrisi alipika pilau, majirani wakala. Mbuzi nilimchinjia nyumbani, na hapo ndipo ninapotakiwa kukuambia kwa nini nilinyamaza.

Bucha haipo. Wiki ya pili ya Ramadhani watu wa serikali walikuja na tingatinga wakaangusha mabanda yote yaliyokuwa karibu na mto kule nyuma, langu likiwa la kwanza. Ndiyo maana nilikuambia utume barua nyumbani. Nilikuwa nimeshaonywa, nikaona nisikusumbue kabla ya mitihani. Sasa nakata nyama kwa kijana niliyemfundisha mwenyewe kushika kisu. Ananiita mzee, ananipa kiti nikichoka. Ni mtu mzuri.

Barua yako ilinikuta wiki mbili hivi baada ya hapo. Nilikuwa bado natoa mabati kwenye matope. Nikafungua, nikaona picha, wewe unacheka umeinua nduma ya mtu. Latifah, nilikukasirikia sana. Nilikukasirikia wewe kwa sababu wale walionivunjia mimi sikuwajua hata mmoja. Nikasema moyoni nisiandike mpaka ipoe, na haikupoa haraka.

Lakini nisiseme uongo. Mimi nilipewa notisi mara mbili nikazitia mfukoni. Kila jioni nilikuwa nikiosha sakafu ya banda, damu inaingia mtoni, na huko chini kuna watu wanateka yale maji. Nilijua. Mama Idrisi aliniambia, nikamwambia kila mtu anafanya hivyo. Kwa hiyo waliponiangushia banda nililia, lakini sikuweza kusema nimeonewa.

Sasa huyo mama. Umeandika kwamba alisikitika kidogo. Mimi nimeuza chakula miaka mingi, sijaona mtu akisikitika kidogo chakula chake kikitupwa. Na nduma uliyoshika kwenye picha ilikuwa nyembamba kama kidole, haijakomaa. Mtu ameambiwa na chifu aondoke, mbona hakuvuna? Mbona alikuja jioni? Mchana alikuwa wapi?

Usinijibu kama hutaki. Lakini ukinijibu, andika yote.

Mjomba wako,
Adan

*

Nyumba ya Mazingira, Embu
20 Julai 2025

Kwa Mjomba wangu,

Assalaam aleikum. Nimelia kwa ajili ya bucha. Nimelia pia kwa sababu ya siku ile niliposema wewe ni mfanyabiashara. Mpe Mama Idrisi pole yangu. Hapa ni baridi, ukungu haututoki mpaka saa sita.

Umesema niandike yote.

Kwenye baraza chifu alikubaliana na Cucu Njura. Huku mwanamke mzee anaitwa Cucu, na mimi namwita hivyo. Alikubali kutoka ukingoni, hakubisha. Aliomba jambo moja, apewe mpaka mwisho wa Aprili nduma zake zikomae. Kila mtu akasema sawa. Mimi nilikuwepo, nilisema sawa kwa mdomo wangu.

Kisha Bwana Marete akatuambia wageni watakuja katikati ya Machi. Hakusema tung'oe mapema. Alisema tu, "Itakuwa huzuni wakifika wakute nduma." Akaniangalia. Usiku huo Wamuyu, katika kupiga stori, aliniambia Jumamosi anakwenda kwao kwa mazishi, na kwamba Cucu Njura pia atakuwa huko, maana aliyekufa alikuwa dada yake Cucu. Alinipa habari ya msiba, Mjomba. Mimi nikaifanya ratiba. Asubuhi niliwaambia wenzangu, "Tuingie Jumamosi, hakutakuwa na kelele."

Nilikuwa nimefunga. Niling'oa na saumu yangu.

Jioni alirudi kutoka Karurumo, bado amevaa nguo ya msibani na viatu amevishika mkononi. Wamuyu alikuwa naye. Alisimama juu ya bonde, akaangalia. Hakupiga kelele kama nilivyoogopa. Aliteremka akaanza kuokota nduma tulizorundika, akizigeuzageuza moja moja, akiacha zile ndogo kabisa. Tuliendelea kupanda. Wamuyu aliniuliza, "Latifah, nani alikuambia hatakuwepo?" Nikasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba chifu alishamwambia.

Barua yako ilipofika nilikaa nayo siku kadhaa. Halafu nilimfuata Wamuyu nikamwomba anipeleke, kwa sababu Kiembu sikijui. Alisema, "Nitakwenda kwa ajili yake, si kwa ajili yako."

Cucu Njura alikuwa mlangoni anapura maharagwe. Nilimpa mkono, hakuupokea, akaendelea kupura. Nikasema niliyoyasema. Wamuyu akatafsiri. Cucu akaniuliza kwa Kiswahili, polepole, "Ulijua siku hiyo niko wapi?"

"Nilijua, Cucu."

"Ulijua nazika nani?"

"Nilijua."

Akapura tena kidogo. Kisha akasema, "Sasa umeniambia mimi. Mimi nilikuwa najua. Kaseme kule ulikopigiwa makofi."

Tuzo ilitolewa Julai tarehe nne, ukumbini, wageni wakiwa wamerudi. Tulishinda. Walipotuita mbele nilichukua kipaza sauti nikasema yote, baraza, Aprili, mazishi. Sikumtaja Bwana Marete, nilisema ni mimi. Aliniinamia sikioni akasema, "Haya tungeyazungumza ofisini." Wageni hawakuzomea wala kushangilia. Walikunja karatasi zao. Wiki iliyofuata tuliambiwa msaada wa kupanua mtambo wa gesi umesimamishwa, na wenzangu hawanisemeshi. Mmoja aliniambia, "Ulitaka kujisafisha, ukatuchafua sisi." Sijui kama amekosea.

Baraza la nyumba limeamua niondoke chumbani. Nimepata chumba cha kukodi karibu na barabara. Ninapikia jiko la mkaa.

Kila Jumamosi ninakwenda kwa Cucu, bila kuitwa. Amenionyesha sehemu ya juu, karibu na nyumba yake, na tunachimba mitaro, tunatandika nailoni chini ili maji yasipotee, tunapanda nduma mpya. Wamuyu huja pia. Cucu hanisemeshi, hunionyesha kwa kidole.

Latifah

*

Majengo, Meru
9 Agosti 2025

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Tuko salama. Goti linauma nikisimama sana, lakini kijana wangu amenitafutia stuli.

Nimeisoma barua yako. Sikumpa Idrisi. Nilimpa Mama Idrisi, akasoma akiwa jikoni, akanirudishia. Usiku ndipo aliposema, "Mtoto ametusema na sisi." Kwa hiyo Ijumaa baada ya swala nilishuka mpaka kule chini ya mto, kwa wale watu wanaoteka maji. Nilimkuta Mbae, mkulima, nikamwambia mimi ndiye wa lile banda la kwanza. Alinitazama kama mwendawazimu. Akasema watoto wake waliumwa matumbo mwaka juzi, hajui kama ni mimi au ni mwingine. Nikasema hata mimi sijui. Halafu akaniaga, nikapanda kilima pole pole.

Sikupata raha niliyofikiri labda ningepata. Nakuambia usije ukaitafuta huko kwa Cucu.

Chimba vizuri. Vaa viatu vya mpira.

Adan

*

Embu
26 Oktoba 2025

Kwa Mjomba Adan,

Assalaam aleikum. Natumaini nyote hamjambo. Mimi sina ugonjwa, nakula, nakwenda darasani. Mvua za vuli zimeanza. Mianzi ya bondeni imekuwa kichaka na ndege wamerudi. Maji ya kijito yamekuwa safi kweli, Mjomba, unaona mawe. Nikipita pale juu nageuza uso.

Nduma za Cucu zimeota vizuri, majani yamekuwa mapana. Jana nilifika kama kawaida na jembe langu. Wamuyu hakuwepo, alikuwa na mtihani. Cucu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mitaro. Nilisalimia, nikaanza kung'oa magugu. Akaniita kwa jina. Ni mara ya kwanza. Nilifikiri, sitakuficha, nilifikiri sasa ataniambia yamekwisha.

Akasema, "Latifah, usije tena."

Nikamwuliza kama nimekosea kitu kwenye mitaro.

"Mitaro ni mizuri. Umefanya kazi. Lakini kila Jumamosi nikikuona unateremka hapo, naiona siku ile. Namzika dada yangu upya. Siku zingine sita nashinda vizuri."

Nikamwambia bado kuna kuvuna, aniache nimsaidie kuvuna. Nilimwomba, Mjomba. Nilimwomba kama mtu anayedai. Akatikisa kichwa, akasema Wamuyu atavuna naye. Kisha akanipa mkono. Niliushika, akanitoa mpaka njiani kama mgeni, akarudi.

Sijui nifanye nini sasa. Nataka kwenda Jumamosi, hata nisimame mbali tu, nimwachie kuni mlangoni na kuondoka. Ama nimtumie kitu kwa Wamuyu. Niambie unaonaje. Nahisi kama nimefukuzwa kabla sijamaliza.

Latifah

*

Majengo, Meru
4 Novemba 2025

Mwanangu Latifah,

Waaleikum salaam. Hatujambo. Mama Idrisi amefungua kimeza cha mahamri nje ya nyumba, mimi namkandia unga alfajiri kabla sijaenda kazini. Kidogo kidogo.

Umeniuliza ninaonaje. Usiende.

Usisimame mbali, usiache kuni, usimtume Wamuyu. Kuchimba hukuambiwa na mtu, ulikwenda mwenyewe, na ulichimba kwa sababu jasho lilikuwa linakupunguzia. Najua, mimi pia niliteremka kilima kwa sababu hiyo. Hili la kutokwenda ndilo jambo ambalo yeye mwenyewe amekuomba. Mara ya kwanza aliomba mpaka Aprili, hukumpa. Sasa mpe hili.

Jumamosi itakuwa ndefu. Najua kwa sababu Ijumaa zangu ni ndefu. Ukishindwa kukaa, njoo nyumbani, utaukuta mlango wazi na chai jikoni. Utapumzika, utakula, utatusaidia kukanda unga. Lakini usije kunisimulia habari za Cucu ili nikuambie umeshasamehewa, lala. Nakupenda kuliko nijuavyo kuandika, na hilo siwezi kukupa. Nduma hazikuwa zangu.

Mjomba wako,
Adan